Konokono Wasio na Baba

Ukichota matope ya kijito kwa mikono miwili, ukayaosha polepole katika ungo, mara nyingi utaona vitu vyembamba vyenye ncha, mfano wa pembe ndogo iliyosokotwa. Hayo ni magamba ya konokono. Konokono huyo si yule mkubwa atambaaye shambani wakati wa masika na kula majani ya mboga. Huyu hukaa katika maji baridi ya mito, vijito na maziwa. Urefu wake wa kawaida ni sentimita 2 au 3. Mchana hujificha katika matope, na usiku hutoka kutafuta chakula. Mlangoni mwa gamba lake ana kifuniko kigumu. Akiona hatari huingia ndani na kukivuta nyuma yake, kama mtu afungaye mlango.

Wataalamu humwita Melanoides tuberculata. Jina hilo ni gumu, basi katika somo hili tutamwita konokono mwembamba. Asili yake ni Afrika na nchi za kusini za Asia, na hata katika maziwa na mito yetu ya Afrika ya Mashariki yumo tangu zamani.

Mtu amtazamapo konokono huyu haoni jambo lo lote la kushangaza. Lakini anazo ajabu mbili. Ya kwanza ni hii: hatagi mayai majini kama wafanyavyo konokono wengi. Mayai yake huanguliwa ndani ya mfuko ulio nyuma ya kichwa chake, na watoto hutoka wakiwa hai, kila mmoja na gamba lake, mdogo kama punje ya ulezi. Ajabu ya pili ni kubwa zaidi. Karibu wote ni majike. Madume ni haba sana, na mahali pengi hawaonekani kabisa. Jike huzaa bila dume, na watoto wake hawana baba.

Ili tufahamu maana ya jambo hili, na twende kwanza shambani.

Mkulima apandapo mahindi, hupanda mbegu. Kila punje ya mahindi imezaliwa na wazazi wawili, maana upepo huchukua unga wa ua la mhindi mmoja na kuuangusha juu ya nywele za hindi la mwingine. Kwa hiyo mahindi ya shamba moja hutofautiana: huu mrefu, huu mfupi, huu hustahimili jua, huu hunyauka upesi. Lakini mkulima apandapo muhogo hapandi mbegu. Hukata kipande cha shina na kukichomeka ardhini. Muhogo uotao hapo si mtoto wa wazazi wawili. Ni muhogo ule ule umeanza tena. Kama wa kwanza ulikuwa mtamu, yote itakuwa mitamu. Lakini kama wa kwanza ni dhaifu mbele ya ugonjwa wa batobato, shamba zima li dhaifu vile vile, na ugonjwa uingiapo hauachi hata mmoja.

Konokono mwembamba huzaana kama muhogo. Binti hufanana na mama, mjukuu hufanana na bibi, na jamaa nzima ni kama konokono mmoja aliyeandikwa mara nyingi. Hapo pana faida kubwa: konokono mmoja tu, akitupwa katika mto mgeni, hana haja ya kutafuta mwenziwe. Aweza kuujaza mto kwa watoto wake peke yake. Lakini pana hatari pia, kwa kuwa wote wana nguvu zile zile na udhaifu ule ule.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba mnyama ahamiaye nchi ngeni hufika akiwa maskini wa urithi. Ni kama mtu aliyekimbia nyumba inayoungua, akatoka na sahani moja tu mkononi. Katika nchi ya asili wamo maelfu wa namna mbalimbali. Katika nchi ngeni wamo watoto wa wale wachache waliowahi kufika. Na kama wageni hao ni konokono wasio na baba, je, umaskini wao hautazidi? Basi yawezekanaje wageni maskini kama hawa kuenea, kushinda, na kuwasukuma wenyeji waliozoea maji yale tangu kale? Swali hili lilipata jibu katika kisiwa kimoja kidogo, mbali sana na kwetu.

Kisiwa hicho kinaitwa Martinique. Kimo katika bahari ya Karibi, upande wa Amerika, nacho hutawaliwa na Ufaransa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,100 hivi, yaani ni kidogo kuliko Unguja. Ni nchi ya joto na mvua, yenye milima, na vijito vingi hushuka kutoka milimani kwenda baharini.

Mwaka 1979 konokono mwembamba alionekana Martinique kwa mara ya kwanza. Hakuvuka bahari kwa nguvu zake. Watu ndio waliomchukua. Mijini watu wengi hupenda kufuga samaki wadogo wa rangi katika masanduku ya kioo, na humo hutia majani ya majini ili samaki wapate kivuli na pumbao. Majani hayo huuzwa toka nchi hata nchi. Na katika jani, au katika tope kidogo lililoshika mizizi, konokono mchanga hukaa bila kuonekana. Siku mwenye samaki amechoka nao, humwaga maji katika mfereji. Mfereji huenda mtoni. Mkono uliomwaga maji haukujua ulichomwaga.

Wakati huo watu wa Martinique walikuwa na shida ya kichocho, ugonjwa tunaoujua sana na sisi. Kichocho huletwa na minyoo. Mtu mgonjwa akienda choo kandokando ya maji, mayai ya minyoo huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vitokavyo humo haviwezi kumwingia mtu mara hiyo. Kwanza ni lazima viingie katika mwili wa konokono wa namna fulani. Humo huzaana, kisha hutoka kwa maelfu, huelea majini, na kuipenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye au alimaye majini. Minyoo ikikomaa katika mishipa ya damu ya tumbo, mtu huharisha damu, ini lake huvimba, na mtoto shuleni hukosa nguvu za kucheza na za kujifunza.

Huko Martinique konokono aliyebeba minyoo hiyo zaidi huitwa Biomphalaria glabrata. Gamba lake si jembamba lenye ncha. Ni bapa, limeviringika kama kamba iliyokunjwa chini. Alikaa mahali pengi, na hasa katika mashamba ya mboga moja ya majani iotayo katika maji machache yapitayo. Wakulima wa mboga hiyo husimama majini kutwa nzima, na kwa hiyo waliambukizwa kwa urahisi.

Sasa sikiliza jambo lililofanyika. Konokono mwembamba hawezi kubeba minyoo ya kichocho. Minyoo ikimwingia haikui. Tena hupenda maji yale yale na chakula kile kile wapendacho konokono wa kichocho. Mwaka 1983 wataalamu, miongoni mwao Mfaransa Jean-Pierre Pointier, waliwatia konokono wembamba katika mashamba hayo ya mboga kwa makusudi. Hawakutia sumu. Walimleta mgeni ashindane na mwenyeji. Wageni wakazaa, wakajaa, wakala chakula, wakashika nafasi. Na baada ya miaka michache konokono wa kichocho wakatoweka mahali pale. Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mashamba yale mwenyeji aliyepona ni mkulima.

Lakini tusikosee. Konokono peke yao hawakuondoa kichocho. Vyoo bora, maji ya bomba na dawa zilifanya kazi kubwa pamoja nao. Tena katika nchi zetu konokono mwembamba yupo tangu kale, na kichocho kingali pamoja nasi, maana minyoo ya kwetu ina konokono wake wengine, na maji ya kwetu si kama yale. Wala konokono mwembamba mwenyewe hana usafi mtupu: hubeba minyoo ya namna nyingine iwezayo kuwadhuru samaki, ndege na hata watu.

Baadaye wataalamu waliendelea kuwatazama wageni hao mwaka kwa mwaka. Waliona jambo wasilolitazamia. Konokono wembamba wa Martinique hawakuwa namna moja. Wengine walikuwa na madoa mekundu, wengine rangi yao ilikuwa nyeusi. Magamba ya wengine yalikuwa na matuta, na ya wengine yalikuwa laini. Kila namna ilizaa namna yake, kama ipasavyo wasio na baba. Namna moja ilionekana kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Wametoka wapi hawa wote?

Ili kujibu swali hilo walisoma urithi wa konokono. Katika kila chembe ya mwili wa kiumbe mna kitu mfano wa maandishi marefu sana, nacho ndicho kimwambiacho kiumbe awe konokono au kuku, mweusi au mwekundu. Wataalamu huyaita maandishi hayo vinasaba. Mama amzaapo mtoto humnakilia maandishi yake. Sasa fikiri habari ya barua ndefu inayonakiliwa kwa mkono. Mwandishi mmoja hukosea herufi moja. Yule anakiliye kutoka kwake hulirudia kosa lile, na pengine huongeza la kwake. Baada ya miaka mingi, ukikuta barua mbili zenye makosa yale yale, wajua zimetoka kwa mwandishi mmoja. Ukikuta makosa yao hayafanani, wajua kwamba zimeachana zamani sana. Ndivyo wataalamu walivyolinganisha vinasaba vya konokono wa Martinique na vya konokono wa nchi nyingine.

Walivumbua kwamba namna zile hazikuwa mabinti wa mama mmoja aliyefika mwaka 1979. Zilikuwa koo mbalimbali zilizoachana zamani sana, na miongoni mwao ziko zilizotoka Asia. Zilifika kila moja kwa safari yake. Mlango wa kisiwa haukufunguliwa mara moja tu. Ulifunguliwa tena na tena, na kila mara mgeni mpya aliingia na urithi wake. Mtu mmoja hutoka katika moto na sahani moja. Lakini watu kumi waliotoka katika nyumba kumi, wakikutana mahali pamoja, wana vyombo vya kutosha karamu. Kwa hiyo katika kisiwa hiki kidogo zilikusanyika tofauti ambazo katika nchi za asili zilitengwa na bahari na milima.

Kisha likatukia jambo jingine. Tulisema kwamba madume ni haba. Haba si kusema hakuna. Koo zilizokuwa mbalimbali sasa zilikaa katika kijito kimoja, na mara chache dume wa ukoo huu alikutana na jike wa ukoo ule. Hapo ndipo walipozaliwa konokono wenye baba: watoto wa mchanganyiko, ambao urithi wao umetoka pande mbili. Na watoto hao, wakiisha kuzaliwa, walirudia desturi ya mama zao wakazaa bila dume. Mchanganyiko uliopatikana mara moja ukanakiliwa maelfu kwa maelfu, wala haukuharibika.

Jambo hili si geni kwetu. Huko Amani, katika milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930 wataalamu walichanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili wapate muhogo uwezao kushindana na batobato. Kuchanganya ni kazi ngumu. Lakini ukiisha kupatikana mche mmoja mwema, hukatwa vipande na kupandwa, na kila kipande ni mche ule ule. Walilolifanya watu kwa makusudi huko Amani, konokono walilifanya wenyewe katika vijito vya Martinique.

Toka mwaka 1990 mpaka mwaka 2003 wataalamu waliwahesabu konokono hao katika mito ya kisiwa. Walizichunguza koo tatu za wazazi na koo mbili za mchanganyiko. Wakaona kwamba mitoni wale wa mchanganyiko waliwashinda wazazi wao na kuchukua nafasi zao. Je, sababu ilikuwa urithi au malisho mema? Ili wapate hakika, waliwafuga konokono wa koo zote katika vyombo vya maji, chakula kile kile na utunzaji ule ule. Kama tofauti ingetoka kwa malisho, ingetoweka. Haikutoweka. Wa mchanganyiko walitofautiana na wazazi wao katika kukua, katika wingi wa watoto, na katika ukubwa wa mtoto azaliwapo. Tofauti ilikuwa katika damu.

Basi hilo ndilo jibu. Wageni wa Martinique hawakuwa maskini. Kila mmoja peke yake alikuwa na sahani moja. Lakini kwa sababu watu waliwaleta mara nyingi kutoka pande nyingi, na kwa sababu madume wachache waliwachanganya, walikuja kuwa matajiri. Na utajiri wa urithi ndio uwezao kukipa kiumbe njia nyingi za kushinda: wengine hufaa maji ya kasi, wengine maji yaliyotulia, na mto ukibadilika, hakosi mmoja wa kuufaa.

Labda utasema, Martinique ni mbali, yatuhusu nini? Tazama basi Ziwa Nyasa, ambalo pwani zake ni za Tanzania, Malawi na Msumbiji. Ziwa hilo lina konokono wa jamaa hii wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza kwamba katika Ziwa Nyasa ameingia konokono mwembamba wa ukoo wa Asia. Katika makusanyo ya zamani ya konokono wa ziwa hilo hakuonekana. Sasa alikuwa ameenea mahali pengi. Na jinsi gani watu hawakumtambua? Kwa sababu anafanana na wenyeji. Mvuvi alimwona akadhani ni yule wa siku zote. Ni vinasaba tu vilivyofichua kwamba huyu ni mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji.

Methali nyingine yasema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa nyumbani waweza kumpa jembe, na akichoka ataaga aende zake. Mgeni wa majini hapokei jembe wala haagi. Huko Martinique alisaidia kuwaondoa konokono wa kichocho, lakini sasa hakuna mtu awezaye kumtoa tena mtoni. Katika Ziwa Nyasa hakuitwa na mtu, na wenyeji wa ziwa, walio wa pekee duniani, hawana ziwa jingine la kukimbilia.

Kwa hiyo kila mtu, hata mtoto, anayo sehemu yake. Usichukue konokono, samaki au majani ya maji haya na kuyatupa katika maji yale. Ukihamisha ndoo, wavu au mtumbwi, uuoshe na kuuanika juani kwanza. Usidhani kwamba mmoja si kitu. Mmoja asiye na baba atosha kuujaza mto, na wa pili, akija kutoka upande mwingine, aweza kumfanya yule wa kwanza awe na nguvu ambazo hakuwa nazo. Tena, kwa ajili ya kichocho, tumia choo, wala usioge katika maji yenye konokono.

Siku nyingine uchotapo matope ya kijito na kuona pembe ile ndogo iliyosokotwa, itazame vizuri kabla ya kuirudisha pale pale ulipoitoa. Huenda mama zake wamekaa katika maji hayo tangu kabla ya babu zako. Na huenda alifika juzi, katika jani moja.

Maswali

1. Konokono mwembamba hutofautiana na konokono wengine wengi katika mambo gani mawili?
2. Muhogo na mahindi hupandwa namna gani? Katika hiyo miwili, ni upi ufananao na konokono mwembamba, na kwa sababu gani?
3. Konokono hawa walifikaje Martinique?
4. Eleza jinsi minyoo ya kichocho inavyotoka kwa mtu mmoja hata kumfikia mwingine.
5. Kwa nini wataalamu waliwafuga konokono wa koo zote kwa chakula kile kile?
6. Kwa nini ilikuwa vigumu kumtambua mgeni wa Ziwa Nyasa?
7. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vinavyohamishwa kutoka maji haya kwenda maji yale? Viandike, kisha useme ni vipi viwezavyo kuchukua konokono.